Trekta dogo la zamani linapasuka chesisi? Tengeneza vifaa vya kuliimarisha mwenyewe hapo nyumbani

Wadau wa mashine, leo tuongelee haya matrekta madogo ya bustani ya zamani, yale ya injini ya silinda moja au mbili na matairi ya nyuma yanayokuishia gotini tu. Huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe ukizunguka hukosi kukutana nalo moja, lipo kwenye banda la misheni au limeshuka na kontena la mtumba au mzee kaliweka chini ya mti na kuku wanalalia usukani. Injini nyingi za humo ni ngumu kufa, ukizipa oili safi na plagi nzuri zinawaka. Kinachoyaua ni chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba injini na giaboksi.

Na kosa sio la walioyaunda. Marekani walianza kuyatoa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 60, John Deere walitoa 110 yao mwaka 1963, na kazi waliyoifikiria ilikuwa kukata nyasi, kulima kabustani nyuma ya nyumba na kusukuma theluji wakati wa baridi. Sasa sisi tunalifunga tela tunapakia viazi vya lumbesa tunashuka nalo barabara ya vumbi ya Uporoto yenye makorongo, au tunalipa jembe la kuvunja udongo ambao haujaguswa tangu mvua ziishe mwezi wa tano. Lazima lipasuke tu.

Mtu akishaona ufa anampigia fundi wa kuchomelea, fundi anabandika kipande cha pleti nene, mwezi unaisha panapasuka pembeni ya kile kiraka. Sababu ni kwamba chesisi ile imeundwa ijikunje kidogo kidogo kwa urefu wake wote, sasa ukiweka kiraka kigumu kimekatwa mraba, mkunjo wote unahamia pale kiraka kinapoishia. Kwa hiyo kuimarisha sio kuongeza chuma tu, ni kuhakikisha mzigo unasambaa pole pole na pande zote mbili zinafanana. Na huwezi kupata pande mbili zinazofanana kwa kukunja pleti kwa nyundo juu ya jiwe, ndo maana nasema anza na vifaa, trekta baadae.

Kwanza jua ufa uko wapi

Toa boneti, toa tenki la mafuta kabisa (sio kulifunika na gunia, litoe, likae mbali, hata tupu linalipuka), toa betri. Osha chesisi na dizeli na brashi ya waya mpaka rangi itoke kwenye maeneo haya: pale eksli ya mbele inaponing'inia, kwenye matundu ya bolti za injini, pale chesisi inapokutana na giaboksi, na sehemu ya kufungia tela.

Ufa mkubwa utauona kwa macho, unatoa kaunga ka kutu ka rangi ya udongo mwekundu kwenye mstari. Ule mdogo ndo unahitaji akili. Paka mafuta ya taa, acha robo saa yaingie, futa na kitambaa kikavu mpaka pakauke kabisa, alafu sugua chaki nyeupe ya shuleni juu yake. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda kwenye chaki na utaona kamstari keusi kembamba kama unywele kanajichora kenyewe taratibu kutoka kwenye tundu la bolti kwenda nje. Weka alama ya sentapanchi (kile chuma chenye ncha cha kugongea kidoa) pale kanapoishia, maana chaki ikifutika hutakaona tena.

Kabla hujaendelea pima na tepu kona kwa kona, kushoto mbele mpaka kulia nyuma na kinyume chake. Zikipishana zaidi ya milimita 4 au 5 chesisi imepinda na lazima uinyooshe kwanza, ukiiimarisha ikiwa imepinda umeipa upinde wa kudumu.

Presi ya jeki

Hiki ndo kifaa mama, ndicho kitakachokukunjia pleti. Unahitaji jeki ya kupampu ya tani 20, hizi za lori, na fremu ya kuizuia. Watu wengi hapa wanakosea kwenye chuma cha fremu, wanachukua chaneli (chuma cha umbo la U) ya milimita 100 kwa sababu ndo iliyopo uani, alafu jeki ikifika nusu ya nguvu boriti ya juu inaanza kupinda. Piga hesabu hivi: upana wa ndani ukiwa sentimita 50 na unataka tani 20 zote, boriti ya juu na ya chini kila moja iwe chaneli mbili za milimita 150 mgongo kwa mgongo. Chaneli mbili za 100 ziko salama kwenye tani 10 hivi, sio zaidi.

Nguzo za pembeni zinavutwa tu, hazipindi, kwa hiyo chaneli ya 100 inatosha kabisa. Muungano wa nguzo na boriti usitegemee kuchomelea peke yake. Toboa upitishe bolti za M20 zenye maandishi 8.8 kichwani (ndo alama ya ugumu wake), mbili kila kona, zipite moja kwa moja pande zote. Uchomeleaji ukiachia, na rodi ya kuchomelea iliyolala kwenye unyevu inaachia bila kukuaga, bolti zinabaki zimeshika.

Chuma unakipata kwa wauza skrepa. Mbeya mjini ukiulizia maeneo ya SIDO na Mwanjelwa hukosi, Makambako na Mafinga pia kutokana na malori. Ila jamani, mtu akikuletea kipande cha reli ya treni kwa bei ya kutupa kataa. Najua kinafaa sana kama fuawe, kila fundi anakitamani, lakini reli ni mali ya umma na ukikutwa nacho bila karatasi utaenda kueleza kituoni. Blok ya injini iliyokufa iliyojazwa zege inafanya kazi hiyohiyo.

Kisu cha juu na kitako cha chini

Sasa tunatengeneza vya kukunjia pleti. Tuseme chesisi yako ni pleti ya milimita 6, basi tunataka kukunja pleti ya 6 kwa nyuzi 90 bila kupasuka kwenye kona.

Kitako: chukua pleti nene ya milimita 16 au 20, urefu sentimita 30. Juu yake chomelea vipande viwili vya chuma cha mraba cha 25 kwa 25, sambamba, na juu ya kila kimoja chomelea shafti ya duara ya milimita 25. Nafasi kati ya shafti na shafti iwe milimita 35. Ule mraba wa chini kazi yake ni kunyanyua tu ili pleti inapokunjika iwe na pa kuzama, ukiweka shafti moja kwa moja kwenye kitako nafasi ya kuzama inabaki ndogo mno. Kanuni ya mafundi wa karatasi za chuma ni kwamba upana wa mdomo wa chini uwe mara 8 ya unene wa pleti, kwa pleti ya 6 ni kama milimita 48, na shafti za duara zikikaa hivo pleti inagusa kwenye mabega yake kwa upana wa karibu na huo.

Kisu: hapa springi ya lori ndo mfalme. Kwa namna malori yanavyopanda Kitonga na yanavyoteremka kwenda Tunduma, springi zilizovunjika hazijawahi kuadimika huku. Tafuta jani fupi la unene wa milimita 12 hivi, mafupi hayana upinde mkubwa. Ni chuma kigumu, biti ya drili itateleza tu juu yake na kulia, kwa hiyo kilainishe kwanza: washa moto wa mkaa, wa miwati kama uko Njombe maana ule una joto hasa, vukuta mpaka jani liwe jekundu la kuelekea machungwa na sumaku igome kulishika. Sumaku ikigoma umefika nyuzi 770 kwenda juu. Linyooshe hapohapo likiwa jekundu, lirudishe kwenye moto kidogo, alafu lizike kwenye majivu makavu mengi na uliache mpaka kesho yake. Ukilitoa mapema au ukilimwagia maji umelirudisha kwenye ugumu, na safari hii litavunjika kama chupa.

Likishapoa kata na grainda, toboa matundu, alafu saga ukingo mmoja uwe wa duara, sio makali. Duara ya nusu kipenyo milimita 6, yaani sawa na unene wa pleti unayokunja. Kisu chenye ncha kali kinachora mstari ndani ya kona na ule mstari ndo ufa wa kesho. Usikichomelee kwenye kishikio, springi ina kaboni nyingi na pembeni ya weldi itapasuka. Kibane kati ya engo aini mbili kwa bolti. Kwa kazi ya kukunja pleti laini za trekta moja au mawili hakuna haja ya kukirudishia ugumu.

Nguvu inayohitajika sio ya kutisha, pleti ya 6 kwenye mdomo huu inataka kama tani 4 hadi 5 kwa kila sentimita 10 za urefu wa mkunjo, kwa hiyo sentimita 30 zinakula tani 13 hivi. Jeki yako inatosha. Simama pembeni ya presi, sio mbele, na kisu kifungwe na mnyororo au springi ya kurudishia kisidondoke. Pleti ikiachia inatoka kwa kasi ambayo hutaiona.

Kunja kipande cha majaribio kwanza. Kata ukanda wa milimita 100 kamili, weka alama katikati, kunja nyuzi 90, alafu pima kila mguu kwa nje na ujumlishe. Utashangaa unapata kama 111, hiyo 11 iliyozidi ndo unaitoa kwenye vipimo vyako vyote unapokata pleti halisi. Na chuma kina tabia ya kurudi, ukiachia jeki mkunjo unafunguka nyuzi mbili tatu, kwa hiyo pitiliza mpaka kama 87 au 88 ukiwa umeshikilia guni (kipimo cha nyuzi 90) ya kuthibitisha.

Jigi ya kutoboa

Ukitoboa kwa macho upande wa kushoto na kulia, matundu yatapishana na bolti zitaingia kwa kupigwa nyundo, hapo umeshaweka msongo kabla trekta halijatembea. Tengeneza jigi, yaani kiolezo cha kuongoza biti: pleti ya milimita 10 yenye umbo la eneo unaloimarisha, ina kipande cha engo chini kinachokaa kwenye ukingo wa chesisi ili ikae palepale kila ukiiweka.

Kwa matundu ya milimita 10 tumia beringi ya namba 6200, tundu lake la ndani ni 10 kamili na nje ni 30. Chomelea kipande kifupi cha bomba kwenye jigi, acha kipoe, ndipo ubane beringi ndani yake. Biti inapita kwenye tundu la beringi, ringi ya ndani inazunguka nayo, biti haiwezi kuyumba hata ukiwa na drili ya mkono. Ukitaka tundu la 12 ni beringi 6201. Beringi kuukuu ya kwenye skrepa inatosha, ilimradi isicheze. Jigi hiyohiyo igeuze upande wa pili wa chesisi na matundu yataangaliana.

Kukata na kukunja viimarishi

Viimarishi ndo zile pleti za kuongezea nguvu chesisi. Kata kwanza karatasi ngumu ya boksi, ijaribu kwenye trekta, eksli ichezeshe kushoto na kulia uone haigusi. Ukiridhika ndo uhamishie kwenye pleti. Unene wa kiimarishi usizidi unene wa chesisi yenyewe. Mtu anataka kuweka pleti ya 10 kwenye chesisi ya 5 kwa sababu anaona ndo nguvu, aah, hapo unaua chesisi.

Ncha za kiimarishi zikatwe mshazari, nyuzi 30 hadi 45, au zichongwe mdomo wa samaki (kama V iliyoingia ndani), zisiishie mraba hata siku moja. Na cha kushoto na cha kulia visiishie kwenye tundu la bolti wala kwenye weldi ya zamani, sogeza angalau sentimita 3. Umbo la L lililokunjwa kwenye presi yako linakumbatia ubavu na chini ya chesisi kwa pamoja, na hilo lina nguvu mara nyingi kuliko pleti bapa ya uzito uleule.

Kuchomelea

Mwisho wa ufa, pale ulipogonga sentapanchi, toboa tundu la milimita 5 au 6. Hilo linazuia ufa kuendelea, ukiliruka utachomelea juu na ufa utaendelea chini kwa chini. Saga ufa wote uwe umbo la V, jaza, saga usawa, ndo ufunike na kiimarishi.

Rodi ya 6013 inatosha kwa mabano madogo, ila kwa chesisi tafuta 7018. Shida yake inachukia unyevu, na Uyole au Makete mwezi wa sita unyevu wa asubuhi unaujua mwenyewe. Ziweke kwenye boksi la bati lenye balbu ya zamani ya watt 60 inawaka ndani muda wote, na pakiti iliyolala wazi wiki nzima usiitumie kwenye sehemu inayobeba mzigo. Rodi ya milimita 2.5 weka ampea 70 hadi 90, ya 3.2 ni 100 hadi 130. Kama umeme wa kwenu unashuka jioni watu wakianza kupika, chomelea saa nne asubuhi, weldi ya umeme dhaifu inakaa juu juu kama ute na ukiigonga inabanduka.

Siku ya baridi pitisha moto kwenye chuma mpaka kiwe cha uvuguvugu na jasho likauke. Kibanio cha ethi (ile waya ya pili ya mashine ya kuchomelea) kikae karibu kabisa na unapochomelea, kisikae upande wa pili wa trekta, maana umeme utapita kwenye beringi za giaboksi na kuzichoma vidoa. Vuta weldi fupi za sentimita 4 au 5, ruka upande wa pili, rudi, usimalize upande mmoja wote kwa mkupuo chesisi itavutika. Chomelea kufuata urefu wa chesisi na zile ncha za mshazari, lakini usikate chesisi kwa weldi ya kusimama wima kutoka juu hadi chini, na kwenye kingo za juu na chini kabisa acha milimita 10 bila weldi. Ipoe yenyewe. Dogo akija na ndoo ya maji mfukuze.

Na kitu chochote chenye mabati ya zinki, bomba la maji au fremu ya zamani, ondoa ile zinki kabla ya kuchomelea, ule moshi mweupe unaleta homa kali usiku.

Bushi ya eksli ya mbele

Hii wengi wanaisahau. Pini ya katikati ya eksli ikiwa imelika, eksli inagonga chesisi kila shimo na kazi yako yote inarudi kuwa ufa. Kivuta bushi ni rahisi: fimbo yenye nyuzi za bolti ya M16, kipande cha bomba kinachopita nje ya bushi, washa (washer) nene upande mmoja na nyingine iliyosagwa ikaingia ndani ya tundu upande wa pili, nati mbili. Paka grisi kwenye nyuzi, kaza na spana, bushi inatoka yenyewe bila nyundo. Ya kuingiza ni kugeuza mpangilio uleule. Bushi mpya ya shaba nyeusi fundi wa lathe anakuchongea, mwambie aweke na tundu la grisi.

Kulirudisha kazini

Paka rangi ya kuzuia kutu mapema, hasa ndani ya kona ambako mvua za kuanzia Novemba zitakaa. Anza na tela tupu, alafu nusu ya mzigo, alafu rudia kaza bolti zote maana rangi na chuma kipya vinakaa chini. Baada ya siku chache za kazi rudia mafuta ya taa na chaki kwenye ncha za viimarishi, ukiona mstari pale ujue kiimarishi ni kigumu mno, punguza upana wa ncha kwa grainda badala ya kuongeza kingine juu yake.

Wenye pawatila (trekta la mkono) kule Mbarali, vifaa hivihivi vinakufaa kwa pale panapokamata tela, presi na jigi havijui tofauti. Ila pawatila nyingi ile sehemu imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa giaboksi ambao ni chuma cha kusubu (cast iron), huo usiuguse na 7018 wala 6013, utapasuka pembeni ya weldi ukipoa. Kunja pleti ya L ndefu, ifunge kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, na upande wa mbele uishikize kwenye fremu ya injini ili mvuto wa tela ugawane sehemu mbili.